Hita ya Nini? Vaa Koti

Anayeishi Dar es Salaam hana sababu ya kujua kama gari lake lina hita. Ile alama nyekundu kwenye swichi ya hewa kwake ni pambo. Anachojua ni ile ya bluu, nayo ikigoma, hata iwe saa tatu usiku, fundi wa AC atapigiwa simu mpaka apatikane. Sisi wa Njombe shida yetu iko upande wa pili wa swichi, na upande huo hauna fundi.

Magari yetu mengi yamekaa huko joto kabla ya kupandishwa huku. Gari likishuka bandarini kutoka Japani lina kila kitu alichokiweka mtengenezaji: hita inayotoa moto, themostati yake, kulanti safi ya kijani au nyekundu, hadi risiti ya maegesho iliyosahauliwa chini ya kiti. Likikaa pwani miaka michache linanyang'anywa kimoja kimoja. Kulanti ikipungua linaongezwa maji ya bomba. Maji ya bomba yanaleta kutu, kutu inaziba rejeta, gari linachemsha. Likichemsha, themostati inang'olewa na kutupwa, kwa hukumu ambayo nimeisikia gereji nyingi mno: "Hii ni ya nchi za baridi, bosi." Kisha siku hita inapoanza kuvuja, ile mipira miwili inayoingia kwenye hita inachomolewa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba. Klipu mbili, elfu kumi, kwaheri. Mwenye gari anaendelea na maisha yake. Baadaye analiuza, na anayelinunua ni mimi.

Mtaniuliza kwa nini sikuijaribu hita kabla ya kulipa. Nami naomba niulize: nani mwenye akili timamu anawasha hita ndani ya gari, Dar, mwezi wa pili, saa saba mchana? Muuzaji angenikimbia. Aliwasha AC, ikapuliza. Akawasha redio, mama mmoja wa Kijapani akaniambia jambo kwa upole sana, nikatoa hela. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba anachosema mama yule kila asubuhi ni kuwa kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Barabara gani ya kulipia, mama? Ya Makete?

Hapa Njombe mjini tuko karibu mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya hapa haibembelezwi, na ukielekea Makete alfajiri unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe pe. Katika hali hiyo hita si anasa ya vidole. Kazi yake kubwa ni kioo. Watu wanne wakijifungia ndani ya gari, pumzi zao zinagonga kioo cha baridi na kugeuka maji, na dereva haoni hata boneti yake mwenyewe. Hita inapasha kioo, AC inakausha hewa, na viwili hivyo vikifanya kazi pamoja ukungu unaondoka upesi. Bila hita unabaki na shemeji kiti cha mbele akifuta kwa mtandio, na kila akimaliza kufuta anashusha pumzi ya kuchoka, ambayo inarudi palepale kwenye kioo. Abiria mmoja niliyempa lifti alitoa kiazi kwenye kiroba chake, akakikata, akasugua upande wangu wote. Kiazi kinasaidia kwa muda, siwezi kumkosea haki. Ila kinaacha wanga wake, na jua likitoka unaendesha ukiitazama dunia kama uliyezamishwa kwenye uji.

Nikalipeleka gari kwa fundi. Akafungua boneti, akauona ule muungano, akatabasamu kwa heshima ya fundi aliyemtangulia.

"Mzee, hii wameikata."

Nikamwambia hilo naliona, nataka irudi. Akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Hita ya nini, mzee? Vaa koti."

Koti nilikuwa nimelivaa.

Akaongeza kwamba hata hivyo hita inakula mafuta. Hapa lazima nisimame kidogo, maana uongo huu umesambaa kuliko mtandao wa simu. Injini inapochoma petroli, karibu theluthi ya nguvu iliyomo ndani ya petroli hiyo inakuwa joto ambalo maji ya rejeta yanalibeba na kwenda kulimwaga hewani bure. Hita inachofanya ni kuchota joto hilohilo kabla halijatupwa. Ni kirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi: maji ya moto yanaingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, wewe unapata joto. Kinachotumia umeme ni ile feni tu. Mla mafuta ni AC, kwa kuwa kompresa yake inazungushwa na injini. Lakini sijawahi kusikia mtu akiambiwa, "AC ya nini? Vua shati."

Mwaka 1893 kule Chicago mwanamke mmoja aitwaye Margaret Wilcox alipewa hataza ya hita ya mabehewa ya reli. Ilipofika mwaka 1938 kampuni ya Nash ilikuwa inauza magari yanayovuta hewa ya nje, kuichuja na kuipasha kwa maji ya moto ya injini kabla ya kumfikia abiria. Watu wametaabika muda wote huo, mimi naambiwa nivae koti.

Basi fundi akairudisha mipira mahali pake kwa shingo upande, tukajaza kulanti. Hita ikawaka. Niliisifu mapema, ikasikia. Kabla sijafika nyumbani ikaja harufu tamu, kioo kikashika utando wa mafuta usiofutika kwa mtandio wala kiazi, na zulia la upande wa abiria likalowa chapachapa. Kesho yake maji ya rejeta yamepungua, na chini ya gari pakavu kabisa. Hakuna dalili ya kirejeta kilichotoboka iliyokosa kuhudhuria.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "gari lako linanukia pipi."

Utamu huo ni wa ethilini glaikoli, nao ndio ubaya wake. Mbwa na watoto wanavutwa na ladha, na kiasi kidogo tu kinaharibu figo hadi kuua. Nikalitoa zulia nikalifua mbali na kuku, na dumu la kulanti likapanda juu ya kabati pamoja na vitu vingine ambavyo watoto hawaruhusiwi kuviona, kama vile biskuti za wageni.

Nikarudi kwa fundi kuuliza bei. Kirejeta cha mtumba, elfu sitini. Kukifunga, laki mbili. Nikamuuliza inakuwaje ufungaji uishinde bei ya kitu kinachofungwa. "Dashibodi yote inashuka, mzee." Nikamwambia kama ni kushusha tu nitashusha mwenyewe nyumbani. Hakubisha. Aliniambia, "Karibu tena," kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Kabla ya kuanza nilitafuta video za kujifunzia. Zipo tele, nyingi za Wamarekani wenye gereji safi kuliko sebule yangu. Tatizo lao ni moja. Jamaa anaanza vizuri, anafungua skrubu ya kwanza, ya pili, anakuonyesha kofia yake, anakunywa kahawa. Kisha anasema sasa toa dashibodi, picha inakatika, na inaporudi dashibodi imelala sakafuni na jamaa amebadilisha shati. Kilichotokea katikati hapo hakisemwi. Mimi nilitaka kuona katikati.

Kirejeta kilitoka Kariakoo, kikapanda kwa basi la usiku kikiwa kimeviringishwa kwenye gazeti, na jina langu limeandikwa juu yake kwa makosa ambayo nimeyazoea. Kikafika salama, hakijapinda. Hilo ndilo jambo pekee lililokwenda sawa upesi.

Kitabu cha gari kinaagiza uchomoe waya hasi wa betri, kisha usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani na dashibodi, kwa sababu mifuko ya hewa ina umeme wake wa akiba, na ikikulipukia usoni haiombi radhi. Hilo ni agizo la busara, nalo ndilo la mwisho la busara nililolikuta humo. Nikachomoa waya, nikakaa zangu kwenye kigoda kusubiri, na hapo ndipo wanaume walipoanza kuingia.

Fungua boneti uani kwako siku ya Jumamosi, wanaume wa mtaa mzima wanakuja bila kuitwa. Hawaji kushika spana. Wanakuja kusimama. Salamu za kamwene, kamwene, kisha mikono nyuma na kimya cha kitaalamu. Alikuja jirani yangu mwalimu mstaafu, akaja kijana wa bodaboda, akaja mzee mmoja aliyekuwa anapita kwenda kwenye ulanzi wake akaona ulanzi unaweza kusubiri.

"Mwalimu, kuna haja gani ya kubomoa?" kijana wa bodaboda akamuuliza mwenzake, si mimi. "Si anavunja yai tu anaweka ute kwenye rejeta?"

"Yai linaoza," mwalimu akasema. "Bizari ndiyo bora. Bizari na pilipili manga."

Wakabishana yai na bizari mpaka chai ikaletwa. Sikatai kwamba vitu hivyo huziba tundu. Vinaziba, na watu wamefika safari zao kwa yai moja. Shida ni kwamba yai halijui ni tundu gani ulilolikusudia. Linazunguka na maji injini nzima likitafuta mahali pembamba pa kukaa, na mara nyingi mahali pembamba pa kwanza ni vijibomba vya kirejeta cha hita. Unaziba tundu la sindano kwenye rejeta kubwa, unaua hita yote. Niliwaeleza. Mzee wa ulanzi akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani kwa ajili yangu.

Sasa dashibodi. Skrubu zake nusu ziko wazi, nusu zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vinavyofanana na sehemu nyingine yoyote ya plastiki, ili uvipapase kama unatafuta chawa. Klipu zilizobaki ni za plastiki, na plastiki ya aina hiyo ikishakaa juani miaka mingi haifunguki, inafariki. Unashusha boksi la mbele ya abiria, unashusha nguzo ya usukani, unatoa redio, unatoa swichi za hewa, unachomoa waya zenye vichwa vya rangi mbalimbali, ambavyo nilivipiga picha kimoja kimoja kwa simu, na kuviandikia namba kwa plasta ya kidonda. Nyuma ya hayo yote kuna chuma kinene kinachovuka gari kutoka mlango hadi mlango, na nyuma ya chuma ndiyo kuna sanduku la hewa. Ndani ya sanduku, pembeni, chini, kirejeta. Urefu wake haufiki hata rula ya mwanafunzi.

Sina ushahidi, lakini naamini kwamba kiwandani wanaanza na kile kirejeta. Wanakiweka sakafuni, wanakisalimia, kisha wanakizungushia gari. Yapo magari ambayo kirejeta kinavutwa kwa ubavuni baada ya kufungua kifuniko na skrubu chache. Nimeyaona, na wenye nayo sitaki kuwasikia wakilalamikia chochote. Yapo mengine ambayo sanduku halitoki mpaka gesi ya AC inyonywe kwanza na fundi mwenye mashine yake, maana mabomba yanapita humohumo. La kwangu liko katikati ya peponi na motoni: sanduku lilikubali kusogea nyuma kiasi cha kupitisha mkono, bila kugusa bomba la gesi, ilimradi mkono uwe mdogo. Mkono mdogo alikuwa nao binti yangu wa darasa la sita. Alitaka malipo kwanza. Wanaume waliosimama wakasema mtoto ana akili, na hakuna aliyechangia.

Katika uvungu ule tulipata kalamu, risiti yenye maandishi ya Kijapani, na sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati. Mwalimu mstaafu aliiomba aitazame. Bado anaitazama, kwake. Tulikuta pia kwamba kuna mtu aliwahi kupita humo kabla yetu, kwa sababu sehemu tatu zilizopaswa kuwa na boliti zilikuwa zimekazwa kwa waya wa kufungia fito.

Kirejeta cha zamani kilipotoka nilikiinamisha juu ya beseni. Yakatoka maji ya kutu, kisha likatoka tope la njano. Njano kabisa, laini, lenye harufu tuliyoitambua wote kwa pamoja. Mwalimu akajikohoza akatazama mawingu.

"Si unaona," kijana wa bodaboda akasema, "angeweka yai."

Kwa hiyo hita yangu ilikufa kwa mchuzi. Mtu fulani pwani aliipikia, bizari ikaziba vijibomba, na kutu ikatoboa kilichobaki. Virejeta vya siku hizi ni vya aluminiamu, na aluminiamu ndani ya maji ya bomba yasiyo na dawa ya kuzuia kutu inaliwa polepole mpaka itoboke. Hakuna bahati mbaya hapo. Ni hesabu tu.

Kurudisha ni rahisi kuliko kutoa, isipokuwa kwa mgongo. Kirejeta kipya, kipya kwangu angalau, kikakaa. Mipira nilinunua mipya, maana mpira wa zamani uliokwisha kunyongwa na klipu haustahili dashibodi nyingine kushushwa kwa ajili yake. Nikamwagisha mfumo mzima mpaka maji yakatoka meupe. Themostati nikairudisha, ya gari langu inaanza kufunguka nyuzi 82, na fundi aliposikia alishangaa kama mtu aliyeambiwa nimenunua ngamia. Bila themostati maji yanakimbia kwenye rejeta muda wote, injini haipati joto lake asubuhi ya Njombe, petroli inaenda zaidi, na hita inapuliza hewa ya vuguvugu hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Kulanti nikaichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyosafishwa. Muuza duka aliniletea tindikali kwanza, kwa nia njema.

Kinachosahaulika na wengi ni hewa. Ukijaza tu na kufunga kifuniko, povu la hewa linabaki kwenye kirejeta, hita inatoa baridi, na unaanza kumlaani aliyekuuzia spea. Gari linatakiwa lielekezwe pua juu, swichi ya hita iwe kwenye joto la mwisho, kifuniko cha rejeta kiwe kimefunguliwa tangu injini ikiwa baridi, kisha liungurume taratibu huku unaongeza mpaka mapovu yaishe. Pua juu si tatizo Njombe, kila kiwanja hapa kina mteremko. Tatizo ni kwamba wanaume wote walitaka kuchungulia mapovu kwa zamu, na kifuniko cha rejeta ya moto hakina mzaha, ni vizuri kila mtu awe mbali nacho.

Ikawaka. Hewa ya moto, kavu, isiyonukia pipi wala pilau. Kioo kikaachia ukungu kuanzia chini kwenda juu, polepole, na mzee wa ulanzi aliyekuwa ameketi ndani kwa ajili ya majaribio akagoma kushuka. Nikasukuma kitufe cha redio ili tusherehekee.

Redio haikuimba. Kumbe baadhi ya redio hizi za Kijapani zikikatiwa umeme wa betri zinajifunga, zinakuandikia sentensi ndefu kwa lugha yao na kudai namba ya siri, ambayo mwenyewe aliiacha Japani pamoja na mambo yake mengine. Yule mama wa kadi ya barabara naye hayupo. Sikudhani kwamba ningemkumbuka, lakini ukiendesha alfajiri kwenda Makete gari linakuwa kimya mno.

Fundi nilimpitia kumwonyesha. Aliweka mkono kwenye tundu la hewa, akakaa nao pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa uchunguzi. Kisha akaniambia gari sasa litakula mafuta.

Nawageukia ninyi mnaouza magari huko joto. Ongezeni kulanti badala ya maji ya bomba, bizari ibaki jikoni, na themostati muiache ilipo, inajua kazi yake. Na kama mipira ya hita mmekwisha kuiunganisha, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa hela, hasa akiwa amekuja Dar na koti mkononi.